Jicho la Kamera: Jinsi ya Kuchunguza Asili ya Lenzi za Zamani

Hotuba kwa wakazi wa Lucky Summer, Nairobi



Katika nyumba nyingi za mtaa huu, na za Baba Dogo, Korogocho na Dandora ng'ambo ya mto, liko sanduku ambalo halijafunguliwa kwa miaka mingi. Huwekwa chini ya kitanda au juu ya kabati. Ndani yake huwamo hati za shamba, saa iliyosimama, barua za jamaa waliokwisha kufa, na pengine kamera kuukuu ambayo hakuna aliye hai ajuaye kuitumia.

Kijana mmoja wa mtaa huu, fundi wa kutengeneza simu, alirithi sanduku la namna hiyo. Babu yake alikuwa mpiga picha wa kuzunguka sokoni na kwenye arusi. Kamera iliyokuwamo ilikuwa ya kukunja, yenye ngozi nyeusi na mikunjo kama ya kodiani, na mbele yake jicho dogo la kioo. Mnunuzi wa vitu vya kale alisikia habari zake, akaja, akatoa shilingi 800 kwa sanduku zima na vyote vilivyomo. Kijana alikuwa tayari kupokea, lakini nyanya yake akamzuia, akisema, "Mjukuu wangu, usiuze kitu usichokijua jina lake."

Maneno ya mama huyo ndiyo msingi wa hotuba hii. Yafaa ielezwe jicho la kamera ni kitu gani, lilibuniwa na nani, na jinsi gani mtu asiye na mashine wala shahada aweza kulichunguza hata akalijua jina lake.

JICHO LENYEWE

Neno lenzi limetoka katika Kilatini, na maana yake ya kwanza ni punje ya kamande, ambayo watu wa pwani huiita adesi; kwa kuwa kioo cha namna hii huvimba katikati na kuwa chembamba ukingoni kama punje hiyo. Mwanga ukipita ndani yake hupinda, na miali yote hukutana mahali pamoja. Hapo ndipo picha hutokea.

Lakini kioo kimoja peke yake kina makosa. Hakipindi rangi zote sawasawa: miali ya buluu hukutana karibu zaidi kuliko miali myekundu, na picha hutiwa ukungu. Tena miali ya ukingoni haikutani pale pale na ile ya katikati, na uso wa mtu uliosimama sawa huonekana kama umepinda. Historia yote ya lenzi ni historia ya watu waliopanga vioo viwili, vitatu, vinne au zaidi, ili kosa la kimoja liondolewe na kosa la mwenzake. Ni kama wanandoa wawili wenye tabia mbalimbali wanaosawazishana, nyumba ikasimama.

MWALIMU WA HESABU NA ASKARI WA MIZINGA

Katika mwaka wa 1839 Mfaransa Daguerre alitangaza mjini Paris njia yake ya kupiga picha. Lenzi aliyotumia, kazi ya Chevalier, iliingiza mwanga kidogo sana. Mtu aliyetaka picha ya uso wake ilimbidi akae jua kali bila kutikisika kwa dakika nyingi.

Mwaka uliofuata, 1840, Joseph Petzval, mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha Vienna, alipata njia bora. Hakubahatisha kwa kuchonga vioo na kuvijaribu. Alikaa na kalamu akahesabu njia ya kila mwali, naye alisaidiwa na askari wa mizinga waliozoea hesabu za kupima mwendo wa risasi. Lenzi aliyoipata iliingiza mwanga zaidi ya mara 15 kuliko ile ya kwanza, na tangu hapo picha ya uso ikawa jambo la muda mfupi. Fundi Voigtländer aliitengeneza na kuiuza, akapata faida kubwa. Petzval alikuwa na haki miliki ndani ya Austria tu. Wawili hao walikosana, na mwaka wa 1849 Voigtländer akafungua kiwanda mjini Braunschweig, mahali haki hiyo isipofika. Mwenye akili alibaki na sifa, mwenye karakana akabaki na mali.

KIOO KIPYA CHA JENA

Kwa miaka mingi mafundi walikuwa na aina chache tu za kioo. Hesabu zilionyesha yaliyotakiwa, lakini kioo cha kuyatimiza hakikuwapo. Mwaka wa 1884, katika mji wa Jena, Ujerumani, Otto Schott, mjuzi wa kuyeyusha kioo, alishirikiana na mwalimu Ernst Abbe na kampuni ya Carl Zeiss, wakaanza karakana ya kuchanganya vioo vipya. Kioo chenye bariamu kilipinda mwanga kwa nguvu bila kutawanya rangi kupita kiasi. Kwa hicho Paul Rudolph wa Zeiss alitengeneza mwaka wa 1890 lenzi iliyoitwa baadaye Protar, ambayo picha yake ilikuwa safi toka katikati hata ukingoni.

Miaka mitatu baadaye, Mwingereza Harold Dennis Taylor alionyesha kwamba vioo vitatu tu, vikiachanishwa kwa vipimo barabara, vyaweza kufanya kazi nzuri ajabu. Yeye alikuwa mtumishi wa T. Cooke na Wanawe, mjini York, watengenezaji wa darubini za nyota. Hawakutaka kuingia katika biashara ya kamera, basi kazi hiyo wakapewa Taylor, Taylor na Hobson wa Leicester, ambao hawakuwa jamaa zake ingawa jina lafanana. Ndiyo sababu lenzi iliyotengenezwa Leicester yaitwa Cooke. Mchunguzi na akumbuke: jina lililochorwa kwenye chuma si lazima liwe jina la mwenye kuitengeneza.

Mwaka wa 1902 Rudolph alipata Tessar, yenye vioo vinne. Jina hilo latokana na neno la Kiyunani la nne. Kampuni iliitangaza kuwa ni jicho la tai. Haki miliki yake ilipokwisha, viwanda vingine navyo vilifuata mpango ule ule kwa majina mengine: Skopar, Xenar, Industar, na nyingine nyingi. Hata kamera za Yashica zenye macho mawili, moja juu ya jingine, ambazo zilitumika katika studio za Afrika ya Mashariki, baadhi yake zina lenzi iitwayo Yashinon iliyo ya ukoo huo wa Tessar. Kwa hiyo fundi wa picha aliyepiga arusi kijijini aweza kuwa alitumia hesabu za mtu wa Jena bila kulisikia jina lake kamwe.

MWANGA UNAOPOTEA

Kila mahali kioo kinapokutana na hewa, kiasi cha sehemu moja katika 20 ya mwanga hurudi nyuma. Lenzi ya Tessar ina nyuso sita za namna hiyo, na karibu robo ya mwanga hupotea. Lenzi yenye nyuso nane hupoteza kama theluthi. Tena mwanga unaorudi huzungukazunguka ndani na kuipaka picha weupe.

Hii ndiyo sababu lenzi iitwayo Planar, aliyoibuni Rudolph huyo huyo mwaka wa 1896, haikupendwa sana wakati wake, ingawa hesabu yake ilikuwa nzuri. Na hii ndiyo sababu Ludwig Bertele, alipobuni Sonnar mwanzoni mwa miaka ya 1930, aligandisha vioo pamoja ili nyuso za hewa zibaki sita tu.

Dennis Taylor alikuwa amekwisha kuona, kabla karne ya 19 haijaisha, kwamba lenzi kuukuu iliyobadilika rangi kwa uzee ilipitisha mwanga mwingi kuliko mpya. Watu walidhani imeharibika, kumbe imetengenea. Lakini ni Alexander Smakula wa Zeiss, mwaka wa 1935, aliyepata njia ya kupaka kioo utando mwembamba mno wa kuzuia mwanga usirudi. Baada ya Vita Kuu ya Pili utando huo ulienea kote, na mpango wa Planar, uliokuwa umewekwa kando, ukawa mzazi wa lenzi nyingi za kamera ndogo.

JINA MOJA, VIWANDA VIWILI

Vita ilipokwisha mwaka wa 1945, Wamarekani waliwachukua wakuu na wajuzi wa Zeiss wakawapeleka magharibi, ambako kiwanda kipya kilianzishwa Oberkochen. Jena ikabaki mikononi mwa Warusi, nao wakahamisha mitambo mingi kwenda kwao. Viwanda viwili vikagombania jina moja mahakamani kwa miaka mingi. Ndiyo maana lenzi nyingine za Jena zilizouzwa nchi za magharibi zimeandikwa tu "aus Jena", na neno Tessar likafupishwa kuwa herufi T. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka wa 1990, kampuni hizo nazo ziliungana. Mtu asiyejua habari hizi atadhani ameshika kitu cha bandia, na kumbe ni halisi.

Kinyume chake pia hutokea. Kamera za Kirusi zilizofanana na Leica zimefutwa maandishi na kuchorwa jina la Leica, na lenzi zake zikaitwa Elmar, ili mnunuzi atoe fedha nyingi. Maandishi huchorwa na mtu yeyote mwenye patasi. Mpango wa vioo vya ndani haudanganyi.

JINSI YA KUCHUNGUZA

Basi yule fundi wa simu alifanya hivi, na kila msikilizaji aweza kufanya vivyo hivyo.

Kwanza, aliandika katika daftari kila herufi na kila namba iliyochorwa kuzunguka kioo, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuta jina la kampuni, neno Tessar, namba ndefu, na vipimo 1:4,5 na f=10,5 cm. Maana yake ni kwamba mwanga wa kitu cha mbali hukutana sentimita 10 na nusu toka kwenye lenzi, na ukigawa kipimo hicho kwa nne na nusu, wapata upana wa tundu lake, yaani kama milimita 23. Alipima kwa rula, akaona yapatana.

Pili, usiku alizima taa, akafungua tundu lote, akamulika kwa tochi ndogo upande wa mbele. Ndani ya jicho zilionekana nuru ndogondogo, kila moja ikiwa ni mwanga uliorudi toka uso mmoja wa kioo. Uso unaokutana na hewa hutoa nuru kali. Uso ulioshikwa na gundi hutoa nuru hafifu. Lenzi ya Taylor ya vioo vitatu hutoa nuru kali sita tu. Tessar hutoa kali sita na hafifu moja. Lenzi ya mwaka wa 1866 ya Dallmeyer na Steinheil, iliyotumika katika kamera nyingi za zamani, hutoa kali nne na hafifu mbili. Ile ya Goerz iitwayo Dagor, ya mwaka wa 1892, hutoa kali nne na hafifu nne. Lenzi ya Petzval nayo hutoa kali sita na hafifu moja kama Tessar, lakini pacha yake yenye gundi iko mbele, na ile ya Tessar iko nyuma. Kijana alihesabu kali sita, kisha kwa kutazama sana akaiona ile hafifu, nayo ilitoka katika pacha ya nyuma. Jina lililochorwa lilikuwa la kweli.

Tatu, alitazama rangi ya nuru hizo. Zikiwa nyeupe, kioo hakikupakwa utando. Zikiwa za buluu au zambarau, kimepakwa, na yaelekea ni cha baada ya vita, au kilipakwa baadaye. Zake zilikuwa nyeupe.

Nne, aliitafuta namba ile katika orodha za namba za viwanda zilizokusanywa na wachunguzi, akapata kwamba kioo hicho ni cha miaka ya 1930. Yafaa ikumbukwe kwamba viwanda vilitoa namba kwa mafungu, na kioo chaweza kukaa ghalani mwaka mzima au zaidi kabla ya kufungwa kwenye kamera. Namba huonyesha kipindi. Siku yenyewe haionyeshi. Anayetaka kwenda mbali zaidi na asome hati za haki miliki, ambazo leo zaweza kusomwa bure kwa simu, zenye michoro na vipimo vya kila kioo. Na kitabu cha Rudolf Kingslake, mjuzi wa kampuni ya Kodak, kuhusu historia ya lenzi, kilichochapishwa mwaka wa 1989. Na anayetaka kujua kamera ziliuzwaje hapa kwetu, na atafute matangazo ya maduka katika magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa katika maktaba ya McMillan na Nyaraka za Taifa, Nairobi.

MAONYO MACHACHE

Adui mkubwa wa lenzi ni kuvu. Huota kama utando wa buibui mahali penye unyevu na giza, na asidi yake hula kioo kisipone tena. Lenzi isifungiwe ndani ya mfuko wa ngozi; iwekwe mahali pakavu penye hewa. Isifutwe kwa ncha ya shati, maana vumbi ni mchanga, nao hukwaruza. Gundi ya zamani ni utomvu wa mti wa Kanada. Huweza kuwa manjano au kuachana. Asiyejua asijaribu kuifungua. Tena lenzi nyingine zilizotengenezwa toka miaka ya 1940 hata ya 1970 zina kioo chenye toriamu, chenye mnururisho kidogo. Kuziweka na kuzitumia kwa kawaida hakuna hofu kubwa, lakini zisisagwe wala kuvunjwa.

WALIOSHIKA KAMERA HIZI

Viwanda vya Ulaya viliandika namba ya kila lenzi katika daftari. Lakini nani aliandika majina ya watu waliozitumia katika nchi hizi? Yajulikana kwamba James Augustus Grant alipiga picha Unguja mwaka wa 1860 kwa kamera ya macho mawili. Yajulikana kwamba A. C. Gomes alikuwa na studio yake mjini Unguja katika karne ya 19, na kwamba Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko huko mwaka wa 1930. Mombasa wanamkumbuka Parekh, na Lamu wanamkumbuka Omar Said Bakor. Hao ni wachache waliobahatika kukumbukwa.

Priya Ramrakha, mzaliwa wa Kenya, aliyepeleka picha zake katika magazeti makubwa ya Marekani, aliuawa mwaka wa 1968 akipiga picha za vita vya Biafra. Picha zake nyingi zilikaa miaka mingi katika gereji hapa Nairobi kabla ya kutolewa na kuonyeshwa tena. Ikiwa mtu mashuhuri kama huyo alikaribia kusahauliwa, itakuwaje kwa mpiga picha wa sokoni?

MWISHO WA HABARI YA SANDUKU

Mnunuzi alirudi kwa jibu. Kijana akamwambia waziwazi kile alichokigundua: kwamba lenzi ni Tessar halisi ya kabla ya vita, isiyo na utando, yenye kuvu kidogo ukingoni, kwamba zilitengenezwa nyingi mno, na kwa hiyo si kitu cha kumtajirisha mtu, lakini kwamba shilingi 800 si bei yake, kwa maana wako vijana wa leo wanaozifunga lenzi kama hizo kwenye kamera mpya zisizotumia filamu, wapate picha zenye sura ya zamani. Mnunuzi aliongeza bei mara mbili, kisha mara tatu, naye akasisitiza kwamba ataka sanduku zima.

Hapo ndipo kijana alipoanza kujiuliza ni nini kingine kilichomo. Alipofika nyumbani aliinua kitambaa kilichokuwa chini ya kamera, akakuta bahasha zilizofungwa kwa uzi, zimejaa filamu. Juu ya kila bahasha babu yake alikuwa ameandika kwa penseli jina la mahali na mwezi. Majina ya watu hayakuwamo.

Nyanya yake ana miaka zaidi ya 80, na macho yake yamepungua. Hata hivyo kijana huweka filamu mbele ya mwanga, huzipiga picha kwa simu, huzigeuza nyeusi iwe nyeupe, na kuzikuza. Kila Jumapili baada ya ibada mama huyo huzitazama, naye husema, "Huyu ni shemeji yangu. Huyu ni mwalimu wetu. Huyu alikufa mwaka ule wa njaa." Mjukuu huandika. Kazi bado haijaisha, na hakuna ajuaye kama itaisha kabla ya siku za mama huyo kutimia.

Mabibi na Mabwana, lenzi yaweza kungoja. Imekwisha kukaa zaidi ya miaka 80, na ikiwekwa pakavu itakaa mingine. Namba yake itabaki ndani ya orodha, na hesabu yake itabaki katika hati. Lakini majina ya nyuso zilizopita mbele yake yako katika kichwa cha mzee mmoja tu, na kichwa hicho hakina nakala. Basi kila mwenye sanduku na alifungue leo, aandike kwanza anachoambiwa na wazee, ndipo ahesabu nuru za kioo.